Magurudumu ya Mbele Hayazunguki

Siku ya soko la Kasongo, Maman Émérance aliamka mapema kupakia karanga. Wanawake wa Kabambare walileta magunia yao, na yeye aliyapanga mwenyewe kwenye pikapu ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alipomaliza, akapanda juu ya magunia na kukaa. Kwenye kabine hakuingia. Shofere alikuwa Pitchou, mume wa binti yake Elsa, na kwao mama mukwe hakai bega kwa bega na mukwe wake. Hata maneno wanayapitisha kwa Elsa. Ndiyo heshima.

Lakini heshima hiyo ilikuwa inamchoma. Moyo wake ulijaa maswali, na mtu wa kumuuliza ndiye ambaye yeye hawezi kumuuliza.

Safari tatu zilikuwa zimepita tangu Pitchou ashike usukani, na zote tatu pikapu ilikwama. Tena haikukwama popote tu. Ilikwama kwenye matope ya bonde la Kalenge, pale pale, chini ya kijiji cha wajomba zake Pitchou. Vijana wa kijiji wanashuka mbio, wanasukuma, halafu wanaondoka na mabeseni ya karanga kama malipo. Marehemu mumewe alipita bonde hilo miaka kumi na miwili na pikapu hiyo hiyo. Sasa iweje? Émérance hakuwa mtoto. Mukwe wake alikuwa amekula njama na wajomba zake, basi.

Safari ya mwisho aliona jambo baya zaidi. Walipokwama, alishuka akachungulia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanazunguka na kurusha matope. Ya mbele yalikuwa yamesimama kimya. Ni kat-kat gani hiyo, gari la kuvuta kwa magurudumu manne, ya kutembea kwa miguu miwili? Akaamini kwamba Pitchou ametoa vyuma vya kuzungusha magurudumu ya mbele na kuviuza kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Akamwambia Elsa wazi: wakikwama tena, gari linapewa shofere mwingine. Elsa alilia sana. Pitchou akikosa kazi hii ataenda kuchimba dhahabu, na yeye atabaki peke yake na mtoto wa miezi minne. Émérance alilijua hilo. Lilimuuma, ila hakubadili neno lake.

Siku hiyo Elsa alikaa kabine na mtoto wake, na juu ya magunia kulikuwa na abiria mmoja, Nabintu, mwanamke wa Bukavu anayetengeneza pikipiki na magari pale Kabambare. Alikuwa anaenda Kasongo kutafuta vipuri. Émérance hakumwamini naye. Mwanamke mwenye mikono ya mafuta meusi, ametoka mbali hivyo, nani anajua anatafuta nini? Akavuta kikapu chake karibu.

Wakafika Kalenge. Pikapu iliingia matopeni, ikanguruma, ikazama. Vijana walikuwa wameshaanza kuteremka kilima, wanacheka.

Émérance akaruka chini.

"Elsa, muulize mume wako," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kijijini. "Vyuma vya mbele ameviuza kwa nani?"

Pitchou alishuka, macho chini. Akamjibu Elsa kwamba hajauza kitu. Levye ya kat-kat, kile kifimbo cha pembeni ya fimbo ya vitesi, yaani ya gia, ameshaivuta. Mutuka tu, gari lenyewe, ndiyo haitaki.

Nabintu alikuwa ameshainama kwenye gurudumu la mbele, anapangusa matope katikati yake. Akamuuliza Pitchou alijifunza kuendesha kwa mutuka gani. Pitchou akasema ni ya mradi mmoja, mpya, ya kuzungusha kitufe.

"Basi ndiyo hapo," Nabintu akasema. "Ile iko otomatiki. Unazungusha kitufe, magurudumu ya mbele yanajifunga yenyewe. Hii iko ya mukono. Levye peke yake haitoshi. Lazima ushuke, ufunge gurudumu moja, kisha la pili. Angalia hapa."

Akawaonyesha chuma kidogo cha mviringo katikati ya gurudumu. Kilikuwa na alama mbili, ya kufunga na ya kufungua. Mshale ulikuwa kwenye kufungua.

"Hakuna kitu kimeuzwa, maman. Vyuma viko."

"Na wewe umejua upesi hivyo?" Émérance akauliza. "Mulipanga?"

Nabintu alicheka. Akamwambia akigeuze chuma hicho mwenyewe mpaka kwenye kufunga, na pikapu isipotoka, wamwache yeye hapo hapo kwenye matope.

Émérance akainama. Chuma kilikuwa kigumu, kikageuka, kikalia ta. Hapo ndipo alipokumbuka. Marehemu mumewe alikuwa akisimama kabla ya bonde hili, anashuka, anainama upande huu, anainama upande ule. Miaka kumi na miwili Émérance alidhani mumewe anaombea safari. Kumbe mwanaume anafunga magurudumu, na mke ndani ya kabine anaitika amina!

Pitchou alikuwa ameshainama upande wa pili, anafunga lake. Katikati yao kulikuwa na boneti.

"Pitchou," Émérance akaita. Jina hilo hakuwahi kulitamka mbele yake. "Nilikudhania mwizi. Nisamehe, mwanangu."

Chuma cha pili nacho kikalia ta. Kisha sauti ikatoka ng'ambo ya boneti.

"Maman, na mimi nilikudhania vibaya. Nilisema maman ametoa kitu kwenye mutuka ili nishindwe, Elsa arudi kwako."

 Émérance alisimama na matope yake mikononi, aibu imemjaa.

Wote wakapanda, Pitchou akavuta tena levye, akaweka vitesi ya kwanza polepole. Safari hii magurudumu yote manne yaliuma udongo. Pikapu ikapanda, na vijana wakabaki wameduwaa.

Juu, kwenye barabara kavu, Nabintu aligonga paa wasimame. Akawaambia warudishe levye na kufungua magurudumu ya mbele. Kwenye ardhi ngumu, magurudumu manne yaliyofungwa pamoja yanashindana kwenye kona, yanakula matairi na kuvunja gia. Na siku nyingine wafunge kabla ya kuingia matopeni, si baada ya kuzama.

Mvua zote za mwaka ule pikapu haikukwama tena Kalenge, na Pitchou hakwenda Salamabila.

Siku moja, sokoni Kasongo, mfanyabiashara mmoja alimlalamikia Émérance. Shofere wake mpya anakwama kila safari, bila shaka ni mwizi, na kesho anamfukuza. Émérance akamuuliza kama ameshamuuliza huyo shofere alijifunza kwa mutuka gani. Mtu yule akasema hapana.

"Basi twende," Émérance akasema, akikaza kitenge chake. "Nionyeshe magurudumu yako ya mbele."