Tairi Baridi

"Nyuki, asali imetoka mzingani. Mzuie!"

Sauti ya Mkuu ilikwaruza redioni. Nyuki alikuwa keshaanza kukimbia.

Mbele yake, Msanii, mchoraji wa magari ya timu, alikatiza gereji akikumbatia mkoba. Ndani mlikuwa na michoro ya bawa jipya la mbele la gari la mashindano, jembamba, lililojipinda kama unyoya, ambalo hakuna timu nyingine iliyokuwa nalo. Alilichora yeye. Sasa alikuwa akiwauzia wapinzani wa kigeni. Helikopta yao ilimngoja upande wa pili wa uwanja.

Msimu uliopita, dereva mmoja alimfuma akiuza michoro. Kesho yake bawa la gari lake lilichomoka kwenye kona ya kwanza, akafa. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno, likapakwa rangi vizuri.

Dereva huyo alikuwa mdogo wake Nyuki. Kitindamimba wao.

Msanii alitumbukia kwenye gari la mashindano. Injini ilikuwa ikinguruma, tayari kwa majaribio.

"Vueni blanketi za tairi!" alifoka.

"Sawa, bosi," fundi wa tairi alijibu. Akazivua upesi. Akamkonyeza Nyuki.

Nyuki alichomoa Beretta.

"Piga basi, dada!" Msanii alicheka. "Utoboe gari zuri kuliko yote niliyochora?"

"Zuri kweli."

Akashusha bastola. Gari likafyatuka.

"Una wazimu?" Mkuu alipiga kelele. "Anatoroka!"

"Hafiki mbali. Blanketi zile hupasha tairi moto. Zikiwa baridi, hazishiki lami. Nilijua angekimbilia gari hili, kwa hiyo mimi na fundi tulichomoa waya za blanketi asubuhi."

"Na kama angegundua?"

"Dereva angezigusa kabla ya kukaa. Huyu anajua kuchora tu."

Kona ya kwanza.

Gari liliteleza kama sabuni, likazunguka, likajibamiza kwenye ukuta wa matairi. Bawa lilitangulia kuvunjika.

Helikopta ilijaribu kupaa. Askari walikuwa wameshaizingira.

Nyuki alifika kwa miguu, bila haraka. Msanii alikuwa amebanwa mguu, jasho likimtiririka.

"Nitoe, dada yangu. Tafadhali."

"Zimamoto wanakuja."

"Mbona hukunipiga risasi?"

Nyuki aliuchukua mkoba. Akaokota kipande cha bawa, akakiweka mapajani mwa Msanii.

"Risasi usingeisikia. Kona hii umeisikia, kama alivyoisikia mdogo wangu. Na ukiwa jela utaikumbuka kila siku."

Akageuka.

"Mkuu, asali imerudi."

"Na mwizi?"

"Mzima."

Akazima redio, akavaa miwani ya jua, akatembea kuelekea gereji. Fundi wa tairi alikuwa amemshikia mlango.