Matanga ya Kisusi

Mhandisi Sikudhani alisema tu, "Taa za barabarani zifuate msongamano," na Mfumaji akaanza kazi. Mashine hiyo hufuma programu kutokana na sauti ya mtu. Hujamaliza chai, taa za Dodoma nzima zimeshatii. Ajabu kweli! Nani tena ajisumbue na lugha za kompyuta?

Kituo alichofanyia kazi kilitaka kila mhandisi abaki na lugha tatu, ili Mfumaji awe na wa kumkagua. Ukitaka mpya, unaacha ya zamani, na wenzako huipikia pilau na kuifanyia matanga, kwa vicheko na hotuba za uongo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Kisusi, lugha kuukuu iliyobaki na wasomaji wawili, Sikudhani na mwenzake Bhoke. Sikudhani aliitaka Nuruma, lugha mpya inayosifiwa kila kona. Bhoke, aliyekuwa akimburuta kila Ijumaa wasome Kisusi hata akinuna, hakutaka kusikia.

"Shoga, leo naizika."

"Zika. Pilau hiyo mimi sili."

Sahani zilikuwa zinapakuliwa hospitali ilipopiga simu. Kichungamoyo, kile kidude kifuani mwa mama yake Sikudhani kinachoongoza mapigo, kilikuwa kimeanza kuyaruka.

"Kimeandikwa kwa Kisusi," Mfumaji akasema. "Naweza kukifuma upya kwa Nuruma, ila lazima kwanza kizimwe."

Kizimwe! Halafu moyo wa mama uongozwe na nini? Sikudhani akaifungua programu ya kidude kwenye skrini. Bhoke akavuta kiti, wakasoma mstari kwa mstari mpaka wakaliona kosa: kidude kilihesabu kila pigo tangu kiwekwe, na nafasi ya kuandikia hesabu ilikuwa imejaa. Wakaipanua kikiwa kinaendelea kufanya kazi, na mapigo yakatulia.

"Mlikuwa mnanifanya nini nyie?" mama akauliza kwenye simu. "Nimesikia kama kwikwi."

Sikudhani akaangua kilio. "Ahsante, Bhoke. Ahsante sana, ndugu yangu. Kumbe leo nilikuwa namzika mama."

Alipojifuta machozi akamuuliza Mfumaji ni vifua vingapi mjini vyenye kidude kile.

"Elfu sita."

Waliokuwa wanatafuna wakaacha. Sikudhani akafuta jina la Nuruma kwenye fomu yake ya maombi, akamgeukia Bhoke.

"Ijumaa tunaanza saa ngapi?"

Bhoke akajivutia sahani. "Sasa nakula," akasema.