Foronya ya Solange

Yaliyompata rafiki yangu Anselme nayasema kama alivyonieleza, siongezi chumvi.

Mkewe Solange alizikwa mwezi wa tatu. Foronya yake ya maua ya buluu Anselme hakuifua. Aliifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni, na kila jioni aliitoa akainusa.

"Kachukue lile sanduku alilopigia magoti mkeo akifua," jirani yake Odile alimwambia. "Kesho mafundi wanaanza kukarabati banda la kufulia kule mtoni, watalifanya kuni. Na foronya hiyo ifue, Anselme. Inanuka."

"Ni harufu yake hiyo. Niachie."

Akateremka mtoni, ukungu umetanda. Chini ya paa la banda lile la karne tatu kulikuwa na giza mchana kweupe. Akasikia kibao kikipiga nguo: pa, pa, kimya, pa, pa, kimya. Solange alifua hivyo, maana bega lilimsumbua.

"Nani?"

Kibao kikanyamaza. Akapapasa hadi kwenye jiwe alilofulia mkewe. Sanduku lilikuwepo, majani makavu yaliyotandikwa ndani yamebonyea mahali pa magoti mawili. Juu ya jiwe palikuwa na ile foronya ya maua ya buluu, imekamuliwa na kukunjwa pembe tatu, kama alivyokunja Solange.

Anselme akagusa mfuko, ufunguo wa kabati ulikuwemo. Akaikandamiza foronya usoni, akavuta pumzi.

Ilinukia sabuni tu.