Kumi na Nane kwenye Mstari

Kila siku ya shule Kanyiva huamka saa kumi na moja alfajiri. Huwafungulia mbuzi, huchota maji kwenye pipa lililo nyuma ya nyumba, hunywa chai kwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, uliobaki jana, kisha hushika njia ya vumbi kuelekea shuleni, karibu na soko la Kalamba. Ana umri wa miaka kumi na mitatu na yuko Gredi ya Saba. Somo analolipenda zaidi ni hisabati. Muhula uliopita alipata alama themanini na mbili kwa mia, na mama yake, Kalunde, aliibandika karatasi ya mtihani ukutani kwa uji mzito.

Wiki ambayo Daktari Wavinya alifika shuleni, Kanyiva alianza kuichukia hisabati.

Daktari Wavinya alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mzaliwa wa papo hapo Kalamba. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta na simu, na jinsi akili zao zinavyolemewa wanapozitumia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na watu wengi pale sokoni walishangaa kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kuuliza wenzake kama wamechoka. Siku ya Jumatatu alikuja na vishikwambi ishirini vyenye programu mpya ya mitihani ya hisabati. Kila mwanafunzi angejibu maswali kumi ya sehemu kila siku, kisha angeweka alama kwenye mstari uliochorwa karatasini, kutoka sufuri hadi ishirini. Sufuri ilimaanisha kwamba kazi haikuilemea akili hata kidogo. Ishirini ilimaanisha kwamba iliilemea mno.

"Kwenye mstari huu hakuna jibu la kupata wala la kukosa," alisema kwa upole. "Nataka tu kujua mlivyojisikia."

Alipotoka kwenda kuchukua waya garini, Mwalimu Kiema, mwalimu wao wa hisabati, alisimama mbele ya darasa.

"Mmemsikia mgeni. Huyu ataandika habari zetu zisomwe mbali. Msiniaibishe."

Neno hilo la mwisho ndilo lililobaki vichwani mwao.

Kanyiva alisoma swali la kwanza: robo tatu kutoa mbili ya tano. Alipogusa mahali pa kujibia, swali likatoweka. Alirudi nyuma kulisoma, na jibu alilokuwa ameanza kuandika likafutika. Juu ya kioo, saa nyekundu ilikuwa ikimetameta na kuhesabu sekunde. Alilishika swali kichwani, akatafuta asili ya pamoja, na alipoipata hakukumbuka tena kama alikuwa anatoa mbili ya tano au mbili ya tatu. Alimaliza akiwa na maumivu ya kichwa. Alikuwa amepata maswali matatu kwa kumi.

Nthiwa, aliyeketi karibu naye na ambaye hakuna jambo lililompita bila mzaha, alichungulia karatasi yake.

"Unaweka ngapi? Mimi naweka moja. Atakayeweka kumi na tano, tujue kichwa chake kimejaa mchanga."

Kanyiva aliweka mbili.

Siku ya Jumanne alipata maswali manne, akaweka mbili. Jumatano alipata matatu, akaweka moja. Darasa zima lilikuwa hivyo hivyo. Daktari Wavinya alipekua karatasi moja baada ya nyingine, akarudia mwanzo, akakuna kichwa kwa kalamu.

"Wanapata tatu, wanapata nne, na wanasema ni rahisi," alisema, kama anayezungumza na daftari lake. "Kuna kitu sikioni."

Hakumlaumu mtu yeyote. Jambo hilo lilimkera Kanyiva zaidi. Afadhali angewagombeza.

Jioni hiyo, kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani, Mwalimu Kiema aliwatangazia kwamba ripoti ya Daktari Wavinya ingepelekwa Ijumaa kwa wakuu wa elimu. Ikiwa wanafunzi wamesema programu ni nyepesi, basi kuanzia muhula ujao mitihani yote ya hisabati ya Gredi ya Saba, katika shule zote za eneo lao, ingefanywa humo.

"Na kwa jinsi mlivyoweka alama zenu," alisema kwa fahari, "naona itapita."

Kanyiva alitembea hadi nyumbani akipiga mawe teke. Kutoka themanini na mbili hadi thelathini, na kwa hesabu anazozijua!

Alimkuta mama yake akichagua ndengu kwenye ungo. Aliketi kumsaidia.

"Kanyiva," Kalunde alisema baada ya muda, "umetupa ndengu nzuri ukaacha mawe. Una nini?"

"Mwaitu, kile kishikwambi ni kibaya," alisema, akimwita mama yake kwa Kikamba kama kawaida. "Kinaficha swali. Kinafuta jibu. Kina saa inayonitisha. Na muhula ujao mtihani utakuwa humo."

"Mmemwambia huyo daktari?"

"Hutupa mstari tuweke alama, kama ni kizito au chepesi."

"Wewe uliweka ngapi?"

Kanyiva aliinamia ungo. "Mbili. Leo nimeweka moja."

Kalunde aliendelea kuchagua. "Basi ulimwambia hakuna shida. Na sasa unamkasirikia kwa sababu amekuamini."

"Nikisema ni kizito Nthiwa atanicheka."

"Atakucheka," Kalunde alikubali. "Yule hucheka hata matangani."

Siku ya Alhamisi Kanyiva alipata maswali manne. Alishika penseli kwa muda mrefu. Kisha akaweka alama kwenye kumi na nane.

"Kumi na nane," Nthiwa alisema kwa sauti ya kusikika. "Huyu sasa ametimiza umri, aende akachukue kitambulisho."

Darasa likacheka. Mwalimu Kiema alikuja, akaitazama karatasi, uso wake ukabadilika.

"Kanyiva. Wewe ambaye ninakutegemea?"

"Mwalimu, hesabu ninaijua," alisema kwa hasira na aibu. "Hizi sehemu ninaweza kuzifanya ubaoni sasa hivi. Kinachonichosha ni kishikwambi. Na zile siku nyingine nilidanganya."

Kicheko kilikatika. Daktari Wavinya alikuja akaketi kwenye dawati la Kanyiva.

"Nionyeshe," alisema.

Kanyiva alimwonyesha jinsi swali linavyotoweka na jibu linavyofutika. Daktari alinakili maswali yale yale kwenye karatasi, akampa ayafanye. Alipata tisa kwa kumi. Mwalimu Kiema alichukua kishikwambi ajaribu mwenyewe. Alikosa swali la kwanza, akalikosa tena, jasho likimtoka.

"Swali limeenda wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyemcheka. Nthiwa aliinua mkono.

"Daktari, naomba karatasi yangu ya Jumatatu nirekebishe."

"Ya Jumatatu imeshapita, itabaki ilivyo. Nitakupa mpya leo."

Nthiwa aliweka kumi na saba. Wengine nao wakaomba karatasi mpya.

Ijumaa, ripoti iliyotumwa ilikuwa na orodha ndefu ya mambo ya kurekebishwa, na mitihani ikaendelea kufanywa kwenye karatasi. Baada ya wiki saba Daktari Wavinya alirudi na programu iliyotengenezwa upya. Swali lilibaki mbele ya macho mtu akiandika jibu, na saa nyekundu haikuwepo. Kanyiva alipata maswali manane. Alipofika kwenye mstari alifikiri kidogo, akaweka tisa.

"Bado ni tisa?" Mwalimu Kiema aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Swali la saba lilinitesa, Mwalimu. Hata kwenye karatasi lingenitesa."

Daktari Wavinya aliuangalia mstari, akaligeukia darasa.

"Tisa hii ni ya hesabu yenyewe, nami sina dawa yake. Dawa yake ni mazoezi. Uzito ule mwingine ulikuwa wa mashine, na kazi yangu ni kuuondoa, lakini sikuuona mpaka mmoja wenu aliponiambia ukweli. Mtu akikuuliza kama mzigo ni mzito, mwambie ulivyo. Ukisema ni mwepesi ili usichekwe, utaubeba, na wenzako watabebeshwa kwa neno lako."

Kanyiva aliomba karatasi tupu. Alitaka kulirudia swali la saba kabla kengele ya chakula haijalia.