Mchanga Kwenye Kiti cha Dereva

Gari lilijichagulia fundi lenyewe. Lilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mali ya baba ambaye siku hizi haendeshi tena, na lilikuwa na tabia ya kuvuta kushoto. Binti yake, mpima macho katika duka la miwani, alishazoea kubishana nalo kwa mikono miwili. Adhuhuri hiyo, kwenye mzunguko uliojaa pikipiki na wachuuzi, aliachia usukani mara moja tu ili akaze kilemba kilichokuwa kinamteleza. Mara moja ilitosha. Gari lilihama barabara taratibu, likapanda ukingo na kwenda kuegemea rundo la tairi kuukuu mbele ya gereji.

Aliyetoka humo alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, jambo ambalo mpima macho hakuwahi kuliona kwa fundi yeyote. Wenzake walimwita Uzi, kwa kuwa gereji nyingine zilikuwa na mashine za kompyuta, ila yeye bado alinyoosha magurudumu kwa kuvuta nyuzi mbili ubavuni mwa gari na kupima kwa rula. Hakuuliza habari za rundo lake. Alichuchumaa, akapitisha kiganja kwenye tairi la mbele.

"Linaliwa upande wa ndani," alisema. "Dada, hili gari limekulilia muda mrefu."

"Nimelisikia. Nilidhani ni uzee."

"Uzee upo. Lakini uzee hauvuti kushoto tu."

Akamwomba abaki kwenye kiti wakati anapima, akae vilevile anavyokaa akiendesha, na akamuuliza uzito wake. Mpima macho alicheka, akamtajia kilo hamsini na tisa, akaongeza kwamba siri hiyo hata mama yake mzazi haijui. Nusu saa nzima alikaa humo na gauni lake la manjano huku Uzi akizunguka na rula, wakizungumza kupitia dirishani. Alipoondoka, gari lilinyooka mbele, na yeye akajikuta anatabasamu peke yake kwenye foleni.

Jioni simu ikaita. Uzi alitaka kujua gari linaendaje. Kesho yake alitaka kujua tena. Siku ya nne mpima macho alimuuliza kama magari yote huyapigia simu.

"Hili tu. Lina dereva anayecheka vizuri."

"Kumbe unampigia dereva."

"Gari halina simu, mpenzi."

Neno lilimtoka bila ruhusa, na hakuna aliyelirudisha. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wanakula pamoja kila Jumamosi, na kaka yake mpima macho, pande la mtu lenye mdomo usio na breki, alishaanza kumwita Uzi shemeji.

Basi mwenzake mpima macho, wa mapokezi pale duka la miwani, akatia neno. Alisema yeye gari lake hupimwa kwa mashine, naye huachwa nje ya kioo akinywa chai; hajawahi kusikia mteja anakalishwa ndani nusu saa. Huyo alitaka kukutazama tu, shoga yangu, alimwambia. Ingekuwa mwingine angecheka. Lakini mpima macho alishawahi kupendwa miaka miwili na mtu aliyekuwa na mke na watoto mji wa pili, na tangu hapo uongo mdogo ulimtisha kuliko mkubwa, kwa sababu hata ule ulianza mdogo. Alimpigia Uzi hapohapo.

"Kila mteja unamkalisha ndani ya gari?"

"Hapana," alisema Uzi. "Wengi wanasubiri nje. Ila wewe..."

Akakata simu. Hakupokea simu zake tena wiki mbili nzima.

Wiki ya tatu akaingia kwenye shimo la barabarani, na gari likaanza kuvuta tena. Mpima macho hakumwamini fundi mwingine yeyote, wala hakutaka kuonana na Uzi. Akamtuma kaka yake alipeleke gari, akamwagiza akae yeye kwenye kiti kama ni lazima mtu akae, na asijibu swali lolote.

Saa tano asubuhi hiyo, mteja mmoja alikuja dukani kuchukua miwani ya mkewe. Fremu ilikuwa mpya, inahitaji kukunjwa kidogo penye masikio, na mwanamume alikuwa na haraka. Aliivaa yeye, akaomba inyooshwe usoni mwake, kwani vichwa vyao vinalingana.

"Hapana, kaka," mpima macho alimwambia. "Miwani hainyooshwi kwenye uso wa mtu mwingine. Mwambie shemeji aje akae hapa mwenyewe."

Alijisikia akisema hivyo, akabaki ameduwaa na miwani mkononi. Mteja alikuwa hajafika mlangoni simu ilipoita. Alikuwa kaka yake.

"Huyu shemeji yangu ana wazimu," alisema. "Amenishusha. Eti kilo zangu mia na kumi zitaharibu kazi. Kisha amepima mchanga kwenye mizani, akaujaza magunia mawili, akayaketisha kwenye kiti chako. Hamsini na tisa kamili. Hata mkanda ameyafunga."

Mpima macho aliomba ruhusa, akakata mitaa miwili kwa miguu bila hata kuvua koti jeupe la kazi.

Magunia yalikuwa yameketi kwa heshima zote. Uzi alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu, uso umemkonda, na ovaroli leo haikuona pasi.

"Nieleze," mpima macho alimwambia. "Leo sikukatii simu."

"Gari jipya springi zake ngumu, halijali nani kakaa. Hili limechoka. Ukikaa, linalala upande wako, na magurudumu yanahama. Nikilipima tupu, nitakuwa nimelinyoosha kwa ajili ya kuegeshwa, siyo kwa ajili yako."

Aibu ilimpanda mpima macho hadi masikioni. "Nisamehe. Kazi yangu mimi ni hiyohiyo, na sikuiona."

"Usiombe msamaha bado." Uzi alisimama, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mchanga ulikuwepo hata siku ile ya kwanza. Ningeweza kuutumia. Nilitaka ukae."

Uzi angeweza kunyamaza. Alikwisha kuonekana hana kosa, na hakuna ambaye angejua kamwe. Mpima macho alimtazama mtu huyu aliyejichongea mwenyewe, akacheka huku machozi yanamtoka, na hofu ya miaka yote ile ikamtoka pamoja nayo.

"Sasa niambie," Uzi alisema kwa sauti ya chini. "Nilipime kwa mtu mmoja au kwa wawili? Kwa sababu kama nitakaa kiti cha pili maisha yangu yote, vipimo vinabadilika."

"Kwa wawili. Lakini itabidi ukamwombe baba."

"Gari?"

"Na dereva wake."

Mpima macho alifungua mkanda, akayashusha magunia mwenyewe, moja baada ya jingine, akakaa. Uzi alizunguka, akaketi pembeni yake, mikono juu ya magoti. Nje, kaka mtu alikuwa ameshikishwa rula na ncha ya uzi, akilalamika kwamba zile namba ni ndogo mno.

"Tukimaliza pita dukani nikupime macho," dada yake alimwambia kupitia dirishani. "Sasa soma."