Dakika Kumi za Senyo

Kafui alikuwa ameketi chini ya mwavuli wake wa manjano, nje ya soko kuu la Lomé, simu zake tatu za kupigisha watu kwa dakika zimefungwa mnyororo mezani. Kijana mmoja alisimama mbele yake, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa grisi.

"Dakika... ni... bei gani?" aliuliza kwa Kifaransa, jasho likimtoka kama aliyebeba gunia.

Kafui akacheka, akamjibu kwa Kiewe. "Kaka, wewe ni wa ng'ambo, Ghana. Sema tu Kiewe, tutaelewana."

"Sitaki. Natafuta kazi ya meli, na huko wanataka Kifaransa. Nifundishe."

"Somo nalo lina bei yake."

"Basi nitanunua dakika moja kila siku."

Ndivyo Senyo alivyofanya. Hakuwa na mtu wa kumpigia, hivyo alimpigia Kafui aliyekuwa mbele yake, wakaongea wakitazamana, simu masikioni. Mtandao upi nafuu? Bei inashuka saa ngapi? Salio langu limekwisha, mpenzi.

"Hilo la 'mpenzi' umelitoa wapi?"

"Kwa mwalimu mwingine."

"Mwambie matamshi yake mabaya."

Afi, muuza mahindi wa kiti cha pili, aliwatazama akatikisa kichwa. "Watu wazima na akili zao!"

Senyo aliishi Aflao, pale pale ng'ambo ya mpaka. Kwa miguu ni nusu saa. Kwa simu ni nchi za nje, na bei yake ya kukata maini. Kwa hiyo wakabipuana kama watu wote. Mlio mmoja, nimefika salama. Miwili, nakukumbuka. Sharti lilikuwa moja: usipokee. Ukipokea umemlia mwenzako salio.

Kisha kazi ikapatikana mbali, bandari ya Libreville.

"Twende wote, nikuoe," Senyo alisema.

Kafui alirekebisha kilemba chake, apate pa kuficha furaha. "Niulize kwa Kifaransa, bila kosa hata moja. Ndipo nitakujibu."

"Ijumaa nitakuja kukuuliza. Jumamosi meli inaondoka Ghana."

Ijumaa asubuhi mpaka ulifungwa ghafla, wanajeshi wakarudisha watu. Habari hiyo ilikuwa bado haijafika sokoni simu ya Kafui ilipolia. Mara moja, mbili, tatu, ikaendelea.

"Pokea!" Afi alisema.

"Nimlie salio? Anabipu tu, amesahau kukata."

Ikalia tena, na tena. Mara ya tano Kafui akaikata mwenyewe, akitabasamu, ili kumwokolea pesa yake. Akaendelea kumngoja, amevaa kitenge chake kipya cha buluu, mpaka wauzaji walipokunja miavuli. Jioni ndipo aliposikia habari za mpaka. Akapiga. Laini ilikuwa imezimwa, na haikuwashwa tena.

Miaka mitano baadaye mwanamume mwenye koti alisimama mbele ya mwavuli ule, sasa umepauka rangi.

"Dakika ni bei gani, bibi?" Kifaransa chake kilinyooka. Pete iling'aa kidoleni.

Kafui alishika ukingo wa meza. "Senyo."

"Nilikupigia mara tano," alisema taratibu, sasa kwa Kiewe. "Ya tano ukaikata. Nikasema, basi, amenijibu."

"Nilidhani unabipu. Nilikata ili pesa yako isiliwe."

"Nilikuwa nimenunua dakika kumi, Kafui. Niliuza saa yangu ya mkononi."

Afi aliinama juu ya jiko, akawa anageuza mahindi yaliyokwisha kuiva.

"Sentensi yenyewe unaikumbuka?" Kafui aliuliza.

Akaisema kwa Kifaransa, polepole, yote.

"Hukukosea hata neno," Kafui akamwambia. "Nenda sasa. Mkeo anakungoja."

"Ananingoja Aflao." Aliitazama namba ya simu iliyoandikwa mwavulini. "Hujaibadilisha."

"Ningeibadilishaje?"

Aliondoka bila kugeuka. Nusu saa baadaye simu ya Kafui ililia. Mlio mmoja: nimefika salama. Kabla haujakatika, alikwisha kupokea.

Alisikia malori ya Aflao, honi, na pumzi ya mtu. Hakukata, na Senyo hakukata, mpaka salio likaisha.