Alisema Waziri au Alisema Mteja?

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na viti viwili, kioo kirefu na redio isiyozimwa. Kinyozi alinyoa, redio ilisema, wateja walitia chumvi. Hivyo ndivyo habari za dunia zilivyomfikia.

Asubuhi moja redio ilisoma tamko la waziri wa mambo ya nje. Askari wa nchi yao na wa nchi jirani walikuwa wamerushiana risasi mpakani. Kufikia mchana, wateja walikuwa wameshapigana vita vyote na kuvimaliza. Binti mkubwa wa kinyozi alikuwa huko huko nchi jirani, akisomea ukunga. Alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho tu.

Binti mdogo alipotoka shule, alimkuta baba kashika simu.

"Namwambia dada yako arudi leo. Mtihani atafanya mwaka mwingine."

Binti huyu alipenda maswali mpaka nyumbani wakamwita Wakili.

"Baba, akiondoka sasa chuo hakitampokea tena. Kwani waziri amesema nini?"

"Kasema mpaka umefungwa. Kasema tunaingia vitani."

"Hayo alisema waziri au alisema mteja?"

"Kweli sijui," alikiri kinyozi.

Wakili alitoa karatasi kwenye mkoba. Mwalimu wao wa uraia alikuwa amewapa tamko lile lile walichambue.

"Mwalimu anasema tuanze na maneno yenyewe. Maoni ya watu baadaye. Soma, baba."

Kinyozi alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Tumesikitishwa na tukio hili. Tumemwita balozi wao atupe maelezo. Tutalinda mipaka yetu. Mazungumzo yataendelea."

"Mpaka umefungwa?"

"Hapa sioni."

"Lipi limeshafanyika, na lipi ni ahadi?"

Kinyozi alifikiri. "Balozi ameshaitwa. Kulinda mipaka ni ahadi. Ila hajasema atailinda vipi."

"Umeona? Wala hajasema nani alianza kufyatua risasi. Mwalimu anasema kiongozi huzungumza na watu wake kwanza, na hujisafisha. Ndiyo maana tulisoma na tamko la upande wa pili. Nao wanajitetea, lakini nao wanataka mazungumzo."

"Kwa hiyo hakuna hatari?"

"Hilo hatujui, baba. Tunajua walichosema leo tu. Tumuulize dada anachokiona huko."

Walimpigia. Masomo yanaendelea, alisema, na mabasi ya mpakani yanapita. Wakakubaliana: mabasi yakisimama, au serikali ikiwaambia raia waondoke, atarudi hapo hapo, awe amefanya mtihani au la. Tangu hapo, kila jioni baba na Wakili walisoma matamko ya pande zote mbili.

Hatimaye askari wa pande zote mbili walirudi kambini. Binti mkubwa alifanya mtihani wake, naye akarudi, cheti cha ukunga mkononi. Kinyozi alijivuna waziwazi. Picha ya cheti aliibandika kwenye kioo, mahali ambapo kila mteja angeiona.

Siku nyingine mteja akaanza, "Nasikia huko ng'ambo rais katangaza vita."

Kinyozi alizima mashine. "Katangaza kwa maneno gani?"

Mteja alikuna kichwa kilichonyolewa nusu. "Nimesikia tu. Kwani siku hizi umekuwa mwalimu?"

"Mimi mwanafunzi," alisema kinyozi, kifua mbele. "Mwalimu wangu ni binti yangu, anatoka shule saa kumi. Kaa hapo umsubiri."